Tangawizi Niliyomzidishia Nekesa

Sijui kupika chai ya mtu mmoja. Nacheka ninapoandika hivyo, lakini ni kweli tupu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilipika chai katika hoteli moja ya Kitale, hatua chache kutoka sokoni, na sufuria yangu ndogo kabisa ilikuwa ya lita kumi. Sasa niko nyumbani Sirisia, peke yangu. Kila asubuhi napima maji kikombe kimoja, halafu mkono unaongeza wenyewe. Chai inabaki. Mchana naipasha moto, jioni namwagia migomba.

Nyinyi vijana mnaoingia jikoni siku hizi mmekuwa mkinipigia simu. "Mzee Barasa, ile chai ya tangawizi ulikuwa unaweka tangawizi kiasi gani?" Mnauliza kwa sauti ya chini, utadhani mnataka siri ya mganga. Kipimo nitawapa, sina haja ya kuzikwa nacho. Lakini mtavumilia pia habari za mke wangu Nekesa, kwa sababu chai hiyo hiyo iliyonipa jina mjini ilikaribia kumuua, na aliyeipika ni mimi.

Aliyenifundisha kazi ni mwenye hoteli, Mama Njoki. Wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima Trans-Nzoia, na yeye akaona heri jiko kuliko jembe. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyeeleza jambo mara mbili. Wiki yangu ya kwanza aliniachia sufuria ya maziwa akaenda kutafuta unga. Asubuhi ya Kitale mnaijua, baridi inaingia hadi kwenye meno, na wenye malori ya mahindi walikuwa wamejaa kwenye mabenchi wakipuliza viganja. Mimi kwa haraka nikaponda tangawizi mbichi, nikaitupa ndani ya maziwa, nikawasha moto. Maziwa yakakatika yote. Mabonge huku, maji ya kijani huku.

Mama Njoki akarudi, akachungulia sufuria, akaniangalia, akachungulia tena.

"Barasa, hii ni nini?"

"Ni chai, mama."

"Ati chai? Hii ni mala ya moto, bana!" Akawageukia wateja. "Leo kuna mala ya moto, imepikwa na Barasa. Mwenye anataka chai, angoje."

Waliangua kicheko, na kwa miezi kadhaa niliitwa Mala, maziwa ya mgando. Basi jifunzeni kwa aibu yangu. Tangawizi mbichi inakata maziwa. Itangulize kwenye maji, ichemke mpaka maji yawe ya manjano na harufu ikupige kooni, ndipo utie majani, na maziwa yaje mwisho. Mkifanya hivyo hamtaitwa Mala.

Sokoni, msidanganywe na ukubwa. Ile tangawizi nene iliyovimba ina maji mengi na ukali kidogo. Mimi nilimngoja mama mmoja wa Cheptais aliyeleta vipande vidogo vya kukunjamana, vyenye udongo mwekundu, na kimoja chake kilitosha vitatu vya wenzake. Bonyeza kwa ukucha. Ngozi ikiwa imekaza na ndani kuna unyevu, chukua. Ikiwa nyepesi na inasikika kama kijiti kikavu, imezeeka. Ikiwa na ukungu, tupa yote, usikate upande mmoja ukajifanya umeokoa mwingine. Na ngozi ikwanguliwe kwa kijiko, kisu kinakula nyama.

Kipimo chenyewe ni kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa lita moja. Mama Njoki alinishika kidole akasema, "Hiki chako, sio ya wale wabeba magunia."

Siku hizo tulitwanga kwenye kinu. Ukitwanga ya lita ishirini, bega linakuambia basi. Sikujua wakati huo kwamba huko kuchoka kulikuwa kunalinda matumbo ya watu. Mkono ulikataa kabla tangawizi haijazidi. Halafu ukaja wakati wa korona, kila mtu Kitale akawa anataka "dawa", ile ya tangawizi, limau na asali, na Mama Njoki akanunua blenda. Blenda haichoki. Unajaza hadi juu, unabonyeza, unahesabu hadi kumi, una jagi zima la kitu cha kuunguza ulimi. Wateja nao walizidi kudai. Mtu asipotokwa na machozi anasema nimemwibia. Nami nikajiona daktari. Nilizunguka na lile jagi kifua mbele, nikiwaambia watu hii itawasafisha mapafu, hii itawapa damu. Nani alinifundisha hayo? Hakuna. Niliyasikia kwa mteja wa meza ya kwanza, nikayauza kwa wa meza ya pili.

Siku moja dereva mmoja alinitania kwamba mimi mwenyewe siwezi kumaliza glasi ya dawa yangu. Nikainywa kwa mkupuo, asubuhi, tumbo tupu. Kabla ya saa nne nilikuwa nimekwenda chooni mara tano, na kifuani kiungulia kinawaka kama makaa. Wateja walijihudumia wenyewe siku hiyo. Kwa hiyo mtu akiwaambia ana vidonda vya tumbo, au chakula humpandia kooni, msimshawishi. Mpeni chai ya kawaida, na ainywe na kitu cha kula.

Wanawake wenye mimba changa waliokuja wakitapika, Mama Njoki aliwakatia kipande chembamba sana kwenye maji ya moto, na wengi walitulia. Lakini glasi ya blenda hakuwapa kamwe, hata wakilia. "Kidogo, na uambie sista wa kliniki umekunywa," ndivyo alivyowaagiza. Mimi nilidhani ni uchoyo wa tangawizi.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu wa Naitiri aliyekuja kila siku ya soko. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na alimeza vidonge vya hospitali. Mtu akamwambia tangawizi hushusha sukari. Basi akaanza kuja bila kula, anakunywa glasi mbili za dawa, anakaa na gazeti. Asubuhi moja nikaona gazeti linatetemeka. Jasho linamtoka, ananiita kwa jina la mtu mwingine, anauliza kama kengele imelia. Mama Njoki alimwangalia mara moja tu, akamimina vijiko vya sukari kwenye chai na kumnywesha polepole huku anamwambia ameze. Baada ya muda mwalimu akarudi kwenye akili zake. Akapelekwa kliniki, wakamgombeza kwa kumeza vidonge bila kula na kuongeza tangawizi yake juu.

Jioni hiyo Mama Njoki aliniita kando. "Barasa, usipatie mtu hiyo kitu ya jagi kama hujauliza anakunywa dawa gani ya hospitali. Umesikia?"

Nikasema nimesikia, mama. Na nilisikia kweli. Kwa wateja nikawa nauliza. Hakuna siku nilifikiri nitahitaji kuuliza nyumbani kwangu.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, na hapo ndipo kalamu inakuwa nzito.

Nilimwoa Nekesa kabla sijapata kazi Kitale. Yeye alibaki Sirisia na shamba na watoto. Mimi nilikuja mwisho wa mwezi, Jumamosi alasiri, nikaondoka Jumapili baada ya kanisa. Ndivyo wengi wetu tulivyoishi, na hakuna aliyeona ajabu. Nikija, mimi ni mgeni. Nakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa, naletewa kuku, naletewa chai. Chai yake ilikuwa ya maziwa mengi na majani machache, na niliinywa nikanyamaza. Mwanamume kuingia jikoni kwake, kijijini, majirani wangekuwa na la kusema wiki nzima. Kwa hiyo fikirini jambo hili. Nusu ya Kitale ilikunywa chai yangu. Madereva wasiojua jina langu waliinywa. Mke wangu hakuwahi kuionja kwa miaka yote thelathini na mmoja.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, Nekesa aligunduliwa ana shida kwenye mlango mmoja wa moyo. Hospitali ya Bungoma wakampa dawa ya kuzuia damu isigande, akawa anaimeza kila jioni na kwenda kupimwa damu. Nilijua. Nilikiona kile kidonge. Niliwahi hata kumletea maji ya kukimezea.

Nilipoacha kazi, hoteli ilinipa ile blenda kama zawadi ya kuagana. Nikaja nayo Sirisia nimeikumbatia. Asubuhi ya kwanza niliamka kabla yake, nikaingia jikoni, nikamwambia akae. Alicheka hadi akaziba mdomo kwa leso.

"Baba Simiyu, majirani wataona."

"Waache waone. Mimi niliwapikia watu wa lori, wewe ni nani nisikupikie?"

Akanywa. Macho yakamtoka. "Ni kali!"

"Hiyo ndiyo ya Kitale."

Akaimaliza. Sijawahi kujisikia mume kama nilivyojisikia asubuhi ile. Basi nikaendelea. Kikombe asubuhi, kingine saa nne, kingine alasiri, na kabla ya kulala glasi ndogo ya blenda, kwa ajili ya moyo wake, nilisema. Kidole gumba kwa lita? Nilikisahau. Niliweka kiganja. Alipoonekana amechoka, nikaongeza. Alipozidi kuchoka, nikazidisha tena. Nadhani nilikuwa nataka kumpa miaka yote kwa mkupuo mmoja. Kila nilipouliza, "Imeisha?" alinionyesha kikombe kitupu.

Wiki zikapita, tano au sita. Nikaona alama nyeusi kwenye mikono yake, akasema amejigonga mlangoni. Nikaona mate mekundu alipopiga mswaki, akasema mswaki ni mgumu, nami nikamnunulia laini. Hakuniambia kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Siku ya Jumanne, karibu saa tano, alianguka katikati ya maharagwe. Nilimkuta uso umekuwa wa majivu. Jirani mwenye pikapu alitupeleka Bungoma mjini, nami nilikaa nyuma nimempakata kichwa.

Daktari aliuliza maswali mengi. "Mbali na hizi za kliniki, kuna dawa ingine anatumia? Ya kienyeji? Ya miti shamba?"

"Hakuna, daktari," nikajibu upesi. Wala sikudanganya. Moyoni mwangu ile ilikuwa chai.

Wakamwongezea damu. Siku ya pili nikapika, nikajaza themosi, nikaenda wodini kama anavyokwenda kila mtu kumwona mgonjwa wake. Sista alikuwa anabadilisha shuka.

"Mzee, hiyo themosi iko na nini?"

"Chai tu, sista. Ya tangawizi. Mimi nimepika chai Kitale miaka thelathini na mmoja." Nilisema nikijivuna, Mungu anisamehe.

Akaifungua. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alianza kukohoa.

"Hii ni chai ama ni kitu ya kufukuza nyoka?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Amekuwa akikunywa hii? Mara ngapi kwa siku?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Asubuhi. Saa nne. Alasiri. Ile glasi ya usiku. Nilipofika kwenye glasi, nilikuwa nimeanza kumsikia Mama Njoki.

Daktari alikuja akanieleza bila kunifokea, na heri angenifokea. Alisema damu ya Nekesa ilikuwa imekuwa nyepesi kupita kiasi, na alikuwa akivuja tumboni. Alisema hawezi kuapa kwamba ni tangawizi peke yake, maana dawa ile inabadilishwa na mambo mengi, hata mboga mtu anazokula. Lakini tangawizi nyingi namna ile, kila siku, juu ya dawa ile, si jambo la kuchezea. Inaweza kuongeza kuvuja damu, na inachoma tumbo ambalo tayari lina kidonda. Kipande kidogo kwenye chai au mchuzi hakina neno kwa watu wengi. Mwenye kumeza dawa ya damu, au ya sukari, au anayengoja kupasuliwa, lazima awaambie wanaomtibu kabla ya kuanza kunywa majagi. "Ungetuambia tu, mzee," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nikabaki na Nekesa. Nikavuta kiti. "Mama Simiyu, ilikuwa inakuchoma?"

"Ilikuwa inachoma, ndio."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mimi nimekungoja hii miaka yote urudi. Sasa umerudi, unaniletea chai, umefurahi kama mtoto. Nikisema sitaki, ungefanya nini na hiyo mikono yako?"

Nilitoka nje, nikaenda kwenye bomba la maji nyuma ya wodi, nikalia. Mtu aliyekuwa akiosha vyombo akanipisha.

Nilirudi kando ya kitanda, nikamwomba msamaha. Akanigonga kidogo kwenye mkono akasema yameisha, na kwamba nikifika nyumbani nifunge kuku. Ndivyo alivyokuwa, msamaha na kuku katika sentensi moja.

Alipona. Tulirudi Sirisia, nami nikachukua blenda nikaipandisha darini. Tangawizi yote nikaitupa shimoni, hata unga wake uliokuwa kwenye kopo. Mtoto wetu Simiyu alipokuja kutoka Mombasa na biskuti zenye ladha ya tangawizi, nikazirudisha kwenye mkoba wake. Nekesa alinicheka. "Huyu sasa ataogopa hata neno lenyewe."

Tulikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nawaambia wazi, vijana, hiyo ndiyo ndoa yangu, ile iliyotangulia ilikuwa kutembeleana. Alinifundisha kuchambua maharagwe, akanisuta kwa kuyatupa yaliyo mazima. Tulikaa nje ya mlango wa jikoni, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye ndoo iliyofudikizwa, tukinywa chai yake nyeupe. Nikajua kwamba anapenda kuimba sauti ya pili na kwamba anaogopa radi. Mambo ambayo mume anatakiwa kuyajua mapema, mimi niliyajua nikiwa na mvi.

Tulipokwenda kliniki mara ya mwisho, aliuliza mwenyewe mbele yangu. "Sista, na tangawizi kidogo tu, kipande ya kuweka harufu, iko na shida?"

Sista akamwambia kidogo hivyo, ya kutia ladha, mara moja moja, haina shida, damu yake imekaa vizuri na wataendelea kuipima. Akasisitiza, kidogo. Nilisikia kwa masikio yangu mawili.

Siku chache baadaye, asubuhi, mvua imetoka kunyesha, nilikuwa jikoni. Nekesa alikuwa amekaa mlangoni amejifunga shali. Akaniita.

"Baba Simiyu. Leo niwekee ile yako."

"Ipi?"

"Ya Kitale. Kidogo tu, kama ukucha. Nisikie harufu. Mama Wafula hapo amepanda, anaweza kutupatia."

"Hapana."

"Si sista alisema? Si ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa. Hapana, Mama Simiyu."

"Wewe na kipimo mko na vita," akasema. "Ama unajaza, ama unafunga."

Nikampa chai nyeupe. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema sawa, akainywa. Hakununa. Tuliongea habari za ng'ombe.

Baada ya siku tisa moyo wake ulisimama, mchana, akiwa pale pale kwenye kigoda, sinia la maharagwe magotini. Daktari alisema ulikuwa ule mlango wa moyo, umechoka, na kwamba hakuna chai iliyoleta hilo wala ambayo ingelizuia. Simiyu alimwuliza mara mbili kwa ajili yangu, akajibu vile vile. Namwamini.

Watu waliokuja matangani walinisifu, wakasema huyu mzee alimpikia mke wake hadi mwisho, wangapi wanafanya hivyo. Nikawashukuru. Sasa nyumba imetulia hadi nasikia saa ya ukutani. Simiyu hupiga simu Jumapili, huongea dakika chache kwa sababu watoto wanapiga kelele, na nikikata simu nabaki nimeishika. Upweke sikuujua Kitale, kulikuwa na watu wengi wenye kiu. Hapa hakuna anayeniambia niongeze wala nipunguze.

Kwa hiyo ulizeni watu, kabla ya kuwamiminia, wanameza dawa gani. Mkishauliza, wasikilizeni. Mimi vile vikombe vyote nilivyomzidishia, Nekesa alinisamehe akiwa kitandani Bungoma, kwa mdomo wake. Kile kimoja alichoniomba mwenyewe nilimnyima, na hayupo tena wa kunisamehe.